Bwawa la samaki pembeni ya miwa: namna ya kulifanya ukiwa Kilombero

Wadau habari zenu, nimeulizwa sana hii kitu kwa simu, mtu akipita akiona bwawa pembeni ya miwa lazima asimame aulize, sasa nimeona niandike yote kwa pamoja atakayetaka asome taratibu. Naongelea huku kwetu bonde la Kilombero, mkoa wa Morogoro, kuanzia Kidatu, Msolwa, Sanje, Mkula, Mang'ula mpaka kule Ifakara. Walioko Mtibwa na Kilosa mengi yatawafaa pia, ila maji na udongo wenu mtavipima wenyewe.

Kwanza kwa nini bwawa. Sisi wakulima wa nje tunaouza miwa kiwandani hela yetu ni ya msimu. Kiwanda kinaanza kusaga mvua zikiisha, mwezi wa sita hivi, kinaenda mpaka mvua zinapokuwa nyingi magari hayaingii tena shambani. Unavuna, muwa unapimwa tani na utamu, unakatwa gharama za kukata na kusafirisha, hela inapita AMCOS, yaani chama chetu cha ushirika wa wakulima, inafika kwako, unalipa madeni, Januari inakuja na sare na michango ya shule, ikifika Februari mfuko umekauka kabisa na miwa yako bado ni machipukizi tu. Kuanzia Februari mpaka Mei ndo miezi ambayo mtu anaenda kukopa kwa kuweka miwa rehani, anakopa laki analipa laki na nusu au zaidi. Mimi bwawa nimechimba kwa ajili ya hiyo miezi minne tu, wala sikulichimba nitajirike. Na kila nitakachoeleza hapa kinarudi kwenye hilo, samaki wako wawe tayari pale ambapo miwa haina hela.

Kwa hiyo kalenda inaanzia mwisho inarudi nyuma. Samaki wa bwawani, sato au perege, akilishwa vizuri anachukua kama miezi sita kufika robo kilo. Unataka kuuza kuanzia Machi, basi vifaranga viingie Septemba. Na Septemba ina uzuri wake, baridi ya Juni na Julai imeshapita, maji yanaanza kupata joto, Oktoba na Novemba ni joto kali na samaki anakua haraka sana maji yakiwa nyuzi 25 mpaka 30. Ukiweka vifaranga Mei wanakutana na baridi, wanakula kidogo, wanadumaa, halafu unasema mbegu mbaya kumbe tatizo ni mwezi. Alafu kuna kitu kingine watu hawakiangalii, Machi na Aprili mara nyingi ni Kwaresima, na huku kwetu Wakatoliki ni wengi mno, Ijumaa nyama hailiwi, wakati huo huo mto umejaa maji, wavuvi wa Kilombero wanapata shida kuvua, samaki mjini anakuwa adimu. Yaani soko linakusubiri wewe tu.

Kuchimba basi uanze Julai au Agosti, udongo umekauka, na ndo hela ya miwa ya mwanzo imeingia. Usichimbe kwa mkopo.

Sasa mahali. Hapa nitakaa kidogo maana ndo watu wanakosea. Mtu akiwaza bwawa anawaza mtoni, anaenda kuchimba ukingoni kabisa. Sheria ya mazingira ya 2004 inakataza shughuli ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto, hilo moja, na la pili hata sheria isingekuwepo mto utakuja kulichukua. Mnakumbuka mvua za El Nino za 2023 kuingia 2024, miwa ilishindwa kuvunwa, sukari nchini ikapanda mpaka watu wananunua kilo kwa elfu nne na zaidi, msimu ule mabwawa yaliyokuwa mabondeni yalisombwa na samaki wote wakaenda zao mtoni. Kaa juu kidogo. Waulize wazee wa hapo maji yaliwahi kufika wapi, halafu panda juu ya hapo.

Maji tunayo, milima ya Udzungwa inatushushia vijito mwaka mzima, huo ni utajiri ambao wenzetu wa Dodoma wanautamani. Lakini kuchepusha maji kwenye kijito unahitaji kibali cha kutumia maji, huku kwetu ni Bodi ya Maji ya Bonde la Rufiji, anzia ofisi ya kijiji na afisa uvuvi wa wilaya watakuelekeza. Usiogope, na usipite njia ya mkato, maana jirani aliye chini yako akikosa maji ya kumwagilia mtafika baraza la kata na hapo kibali ndo kitakutetea. Na mipaka ya hifadhi usiiguse kabisa.

Kwenye shamba lenyewe, bwawa liwe upande wa JUU wa miwa sio chini. Nimeandika kwa herufi kubwa makusudi. Ukiliweka chini, kila mvua itakayonyesha itaosha shamba lako na la jirani, mbolea na dawa zote zinaishia kwa samaki. Likiwa juu, maji ya bwawa ndo yanashuka kwenye miwa, na yale maji yana mbolea ndani yake, ukipunguza maji Oktoba wakati wa kiangazi ukayafungulia kwenye mifereji ya ratuni, yaani miwa inayochipua upya baada ya kuvunwa, utaona mwenyewe majani yanavyobadilika rangi. Sehemu nzuri sana ni pale kwenye barabara ya moto, ile nafasi unayoiacha wazi ili wakati wa kuchoma miwa moto usivuke kwa jirani. Nafasi ipo tayari, haina miwa, na miwa inakuwa mbali na maji. Ila pima isije ikaziba njia ya gari la kubebea miwa.

Udongo unaujua kwa mkono. Chukua konzi moja, lowanisha, finyanga mpira, urushe juu kama mita moja uudake. Ukipasuka mkononi huo ni kichanga, maji hayatakaa. Ukibaki mzima uko vizuri. Bado usianze, chimba shimo la kufika kiunoni, jaza maji jioni, kesho asubuhi yakipungua ongeza tena, yakikaa siku inayofuata bila kushuka sana hapo ndo uite vijana wa kuchimba.

Na kama eneo liliwahi kuwa na miwa, ng'oa visiki vyote mpaka mizizi. Usifukie hata kimoja kwenye tuta. Kisiki cha muwa kikioza ndani ya tuta kinaacha tundu, maji yanapita humo humo kidogo kidogo, leo unaona unyevu tu nje ya tuta, baada ya mwezi ni mfereji. Mimi tuta langu la kwanza lilivuja miezi mitatu nikidhani ni kaa wanatoboa, tulipokuja kulifumua tukakuta visiki vimeoza vimekuwa kama bomba. Toa udongo wote mweusi wa juu, chimba mtaro katikati ya mstari wa tuta, jaza mfinyanzi, shindilia kila unapoongeza futi moja. Kushindilia huku kunachosha na vijana wataruka kama hausimamii, simama hapo.

Vipimo vya kuanzia, mita 20 kwa 15, hiyo ni mita za mraba 300. Kina upande wa kuingilia maji sentimita 80, upande wa kutolea mita moja na nusu hivi, sakafu iteremke kidogo kidogo ili siku ya kuvuna maji yote yaende upande mmoja. Kingo zilale, zisisimame wima kama ukuta maana zitabomoka. Bomba la kuingiza maji liwe juu, maji yaanguke yakipiga kelele, ile kelele ndo hewa inaingia. Bomba la kutolea liwe chini, yote mawili yafungwe wavu wa matundu madogo. Huo wavu wa kutolea ni wa lazima na nitaeleza kwa nini.

Likishachimbwa mwaga chokaa ya kilimo, kilo 10 mpaka 20 kwa kila mita za mraba 100, kwa hiyo bwawa letu hili kilo 30 mpaka 60, sakafuni na kwenye kingo. Acha wiki moja. Jaza maji, weka samadi ya kuku au ng'ombe iliyokauka kwenye viroba, funga viroba pembeni vielee, usimwage ovyo. Baada ya siku kadhaa maji yanaanza kuwa ya kijani, hicho kijani ni vimea vidogo vidogo ambavyo ni chakula cha samaki cha bure kabisa. Kupima hakuhitaji kifaa, zamisha mkono umenyoosha kiganja. Kiganja kikipotea machoni maji yakifika kwenye kiwiko, umepatia. Kikipotea kabla, maji ni mazito mno, toa viroba. Ukiona vidole mpaka maji yamefika begani basi ongeza samadi.

Vifaranga. Huku Morogoro kuna kituo cha serikali cha ukuzaji viumbe maji pale Kingolwira, na wataalamu wa SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, wapo, anzia huko ujue mbegu ya uhakika ikoje hata kama mwishoni utanunua kwa mtu binafsi. Omba madume tupu. Ukiweka mchanganyiko watazaana ndani ya miezi michache, bwawa linajaa vitoto, chakula kinagawanywa kwa maelfu, unavuna samaki wa ukubwa wa kidole. Kwa bwawa letu weka watatu kwa mita ya mraba, jumla 900, usishawishike kuweka 2,000 kisa bei ni rahisi, hewa haitoshi. Mfuko ukifika usifungue ukamwaga. Uelee juu ya bwawa dakika 15 mpaka 20 joto lilingane, halafu ingiza maji ya bwawa kidogo kidogo, halafu ulaze watoke wenyewe.

Sasa hili la sato na perege naliongea kwa moyo. Sato sio samaki wa kwetu, asili yake sio mto Kilombero. Perege wa kwetu, yule wa mto wa enzi na enzi, anazaana na sato wakikutana, na vizazi vinachanganyika mpaka yule wa asili anapotea. Bonde letu ni ardhi oevu inayotambulika kimataifa tangu 2002 chini ya mkataba wa Ramsar, familia nyingi zinaishi kwa samaki wa mto ule. Kwa hiyo kama unafuga sato, wavu wa kutolea maji usiwe umetoboka hata sehemu moja, na bwawa lisiwe mahali pa kufurika. Kama unapata mbegu nzuri ya perege wa asili, mimi ningekushauri ufuge huyo hata kama anachelewa kidogo kukua.

Ukitaka kambale humo humo inawezekana, mmoja kwa perege kumi, anakula vile vitoto vinavyozaliwa kwa bahati mbaya. Ila muweke baada ya miezi miwili perege wakishakuwa wakubwa, ukiwaweka siku moja kambale atakula mtaji wako wote.

Chakula tunacho huku, bonde la mpunga hili. Changanya hivi kwa kilo 10: pumba laini za mpunga kilo 3, mashudu ya alizeti kilo 3, dagaa waliosagwa kilo 2, soya iliyokaangwa ikasagwa kilo moja na nusu, unga wa muhogo nusu kilo upikwe uji uwe gundi. Hapo protini inakaribia asilimia 28. Pitisha kwenye mashine ya kusagia nyama, zitoke tambi, anika juani, vunja vunja. Pumba zile za maganda magumu usiweke, samaki hameng'enyi zile, zinaoza tu chini.

Kiasi ni asilimia 3 ya uzito wa samaki wote kwa siku, wakiwa wadogo panda mpaka 5. Mfano, vua samaki 30, pima, gawanya, ukipata wastani wa gramu 50, na umekadiria wako hai 720, basi uzito wote ni kilo 36, chakula cha siku ni kilo moja na kidogo. Wakifika gramu 150 ni kilo 108, chakula kilo tatu na robo hivi. Gawa asubuhi saa tatu na jioni saa kumi, sehemu moja kila siku, simama uangalie. Kama baada ya dakika 15 chakula bado kimebaki, kesho punguza. Chakula kinachobaki ndo sumu ya bwawa.

Nikuelezee ilivyokuwa kwangu. Ilikuwa Novemba, mawingu siku tatu jua halijaonekana, na mimi wiki ile nilikuwa nimeongeza viroba viwili vya samadi ya kuku kwa mpigo kwa kutaka wakue haraka. Saa kumi na moja unusu alfajiri mama watoto ananiamsha, njoo uone samaki wako wanafanyaje. Bwawa zima juu midomo tupu, mamia ya midomo inafunguka na kufunga, na sauti kama mvua ndogo inadondoka kwenye majani. Walikuwa wanakosa hewa. Ule ukijani mchana unatengeneza hewa, usiku wenyewe unaitumia, na samadi ikioza inatumia zaidi, jua lisipowaka akiba inaisha alfajiri. Tulifungua maji mapya yote, watoto wakachota ndoo wakamwaga kutoka juu, chota mwaga, chota mwaga, mpaka jua lilipotoka. Tulipoteza zaidi ya 100. Kwa hiyo kanuni ni hii, mawingu yakikaa siku mbili toa viroba, punguza chakula nusu, na amka alfajiri ukaangalie. Ukiona midomo juu usilishe siku hiyo kabisa.

Majani ya miwa yaliyokauka nayo yanafanya hivyo hivyo, upepo unayaleta, yanazama, yanaoza. Acha mita tano wazi kati ya miwa na maji, na panda mstari wa mabingobingo katikati, yanazuia majani na utalisha ng'ombe.

Tukija kwenye dawa. Hapa ndo bwawa la kwenye miwa linatofautiana na bwawa lingine lolote. Dawa za magugu tunazopiga kwenye miwa, zile za ametrini, diuroni, atrazini, zikiingia bwawani zinaua ule ukijani, ukijani ukifa hewa inaisha na samaki wanafuata. Dawa za wadudu ndo mbaya zaidi, siku hizi tunasumbuliwa na vidukari wa njano watu wanapuliza, na dawa kama saipameterini na lambda kiasi kidogo sana kinatosha kumaliza bwawa zima, hata ukungu tu wa upepo. Fanya haya: chimba mtaro wa kukinga juu ya bwawa ili maji ya mvua kutoka kwa jirani yapite pembeni. Siku ya kupuliza iwe asubuhi upepo umetulia, na ufunge maji ya kuingia siku hiyo na siku kadhaa baadaye. Bomba la kupulizia lisioshwe kwenye mfereji unaoingia bwawani, hata mara moja. Na jirani yako mpelekee samaki wawili watatu kila ukivuna, mpe namba yako ya simu, mwambie shemeji au mzee ukitaka kupuliza nishtue jana yake. Hiyo simu moja ina thamani kuliko uzio wowote.

Wezi wa bwawa ni kenge, fisi maji na ndege. Kenge anapenda kujificha kwenye miwa, ile mita tano ya wazi inamnyima pa kujificha. Ndege aina ya mdiria na korongo vuta kamba za nailoni juu ya maji wakati vifaranga ni vidogo, wakishakuwa wakubwa sio shida sana.

Kuvuna usivune wote siku moja, utakosa wanunuzi utaanza kubembeleza bei. Kati ya 720 kwa robo kilo una kilo 180. Mimi naanza Machi, kila Alhamisi jioni nasitisha chakula, Ijumaa alfajiri tunavuta wavu wa kukokota wenye matundu makubwa, wanabaki wakubwa tu, kilo 20 mpaka 25. Mama lishe na wakaanga samaki nawapigia Jumatano, kila mtu anataja kilo zake, wanakuja na ndoo zao bwawani. Pima mbele ya mteja, na uza kwa kilo, ukianza kuuza kwa kukadiria samaki mmoja mmoja utapunjika. Hivyo hivyo wiki saba nane inakufikisha Mei, na mwezi wa sita kiwanda hicho kinafungua.

Mwisho toa maji yote, wadogo waliobaki wahamishie kwenye kidimbwi, tope lichote upeleke kwenye ratuni, acha sakafu ikauke wiki mbili mpaka ipasuke nyufa unazoweza kuingiza kidole. Chokaa tena, na uagize vifaranga mapema, Agosti foleni inakuwa ndefu.